Kocha Del na Kijana wa Katikati

Kazi yangu katika timu ya Toledo, ya ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, ni kupanga safari: mabasi, hoteli, nani alale na nani, nani asilazwe karibu na lifti kwa sababu ana usingizi wa paka. Hakuna anayenichukia kwa kazi hiyo. Lakini kila mwisho wa Agosti, wachezaji wanapopunguzwa kabla msimu haujaanza, mimi ndiye ninayetumwa kumgusa mtu bega na kumwambia, "Bosi anakuita juu, na uende na kitabu chako cha mipango ya mchezo." Akisikia hivyo anajua kazi hana tena. Katika ligi yetu anayebeba ujumbe huo huitwa Mturuki, tangu zamani, na sijakutana na mtu anayejua ni kwa nini. Babu yangu aliikimbia Lebanoni kwa sababu ya Waturuki, akaja Ohio kutembeza vitambaa mlango kwa mlango, na leo mjukuu wake, Elias Geha, ndiye Mturuki mwenyewe. Afadhali mzee alishajifia.

Nimejitaja ili mjue nilikuwa nimesimama wapi. Habari yenyewe ni ya Del Nowicki, kocha wetu wa mstari wa ulinzi.

Del alizaliwa mtaa wa Wapolandi, upande wa Lagrange, kwa baba aliyefanya kazi kiwanda cha vioo. Alicheza chuoni mpaka goti likamkatalia, akafundisha michezo shule ya sekondari, na mwishowe akaingia kwetu. Ni mtu mpana, shingo hana, na anacheka kwa mabega bila kutoa sauti. Mchana anakula soseji na kabichi za mkewe Bernie kutoka kwenye kopo la plastiki, hata siku ambayo jikoni kwetu wamechoma nyama ya kumtoa mtu mate. Ukimwuliza sababu anakwambia, "Huyo mpishi wenu mimi sijamuoa."

Kazi yake ni wale majitu wanaoinama mbele kabisa, uso kwa uso na wenzao wa upande wa pili, mpira ukianza tu wanagongana kama malori. Kila mwaka analetewa vijana wapya kutoka vyuoni, na kila mwaka anaulizwa swali moja: huyu atakuwa mchezaji au hatakuwa? Anaulizwa mapema mno. Hapo ndipo Del anapotofautiana na dunia nzima. Redioni, kanisani, kwa kinyozi, watu wanampima mlinzi kwa jambo moja tu, amemwangusha mrushaji mara ngapi. Mrushaji ndiye anayeshika mpira na kuutupa, na kumwangusha ni raha, sikatai, uwanja mzima unasimama. Lakini anayekaa katikati ya mstari hakuwekwa pale kwa ajili ya raha. Amewekwa azibe mwanya. Watu wawili wanamvamia kwa pamoja, naye anatakiwa awameze wote wawili asisogee, ili mwenzake aliye nyuma awe huru kwenda kumkamata mwenye mpira. Akiifanya kazi yake vizuri, jina linalosomwa kwenye kipaza sauti ni la mwenzake.

Mwaka huo kijana wa katikati aliitwa Jarvell Oglesby, kutoka mji mdogo wa Alabama ambao hata basi la timu lisingepata pa kugeuzia. Mkubwa, mkubwa kweli, na mwenye adabu ya kuudhi. Alimwitikia kila mtu "ndiyo, bwana." Nilimkuta siku moja akiiambia mashine ya soda "asante." Del ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa akasema mchukueni huyu, na wakamchukua, japo kwa shingo upande. Kwa shingo upande kwa sababu mwaka uliotangulia Del aliwasifia kijana mwingine, Teddy Ruark, na Ruark akatoka kapa. Redio ilimcheka Del majira yote ya baridi. Mtangazaji mmoja alisema jicho la Nowicki limeingia ukungu, wakati umefika akapumzike na mkewe. Bernie alizima redio ile na hakuiwasha tena.

Basi Del akamwambia mkewe, na Bernie akaniambia mimi kwa uchungu pale kanisani, kwamba Jarvell akiachwa, yeye naye anaacha kazi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu wa haki: kama ninachokiona mimi hakuna mwingine anayekiona, labda hakipo.

Wiki za kwanza za kambi zilikuwa aibu. Hollis Brandt, mzee wetu wa kikosi cha mashambulizi, baba wa watoto wanne, alimchukua Jarvell mazoezini na kumtandika chini kama anayetandika kitanda. Asubuhi chini, alasiri chini. "Samahani, dogo," Hollis anasema, anampa mkono, anamwinua, halafu anamlaza tena. Huyu kijana chuoni alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, alisukuma tu wakaanguka. Huku kwetu anaosukumana nao ni watu wazima wenye mikopo ya nyumba.

Nilimpelekea Del karatasi za vyumba nikamkuta ofisini anatazama video ya mazoezi, sauti kaizima, anatafuna mbegu za alizeti.

"Unaona?" akaniuliza.

"Naona kijana amelala chali."

"Wewe unatazama mgongo. Tazama mguu wa kushoto kabla hajaanguka."

"Mguu wa mtu aliyeanguka una faida gani, Del?"

"Jana aliunyanyua juu kama jogoo. Leo ameuburuta chini, kama nilivyomwambia. Unajua kwa nini ameanguka? Anafikiri. Mtu anayefikiri anachelewa. Kwa mwezi hivi atakuwa mbaya kuliko siku aliyofika, na hapo ndipo watu wanawatupa hawa watoto. Wanawatupa wakiwa katikati ya kujifunza."

"Na utajuaje kama anajifunza, na si kwamba hawezi tu?"

Alitema ganda kwenye kikombe. "Asiyeweza anarudia kosa lile lile. Huyu kila siku ananiletea kosa jipya."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akarudisha video nyuma kuutazama mguu ule ule. Roho iliniuma. Nilijua anawaza Ruark.

Mechi ya mwisho ya majaribio ilichezwa nyumbani, Jumamosi mchana, jua la kupasua vichwa. Baada ya hapo kulikuwa na kupunguzwa tu. Mpaka siku hiyo Jarvell hakuwa amemwangusha mrushaji hata mara moja, na vijana wenzake walishamtia maneno: usipoonekana leo, Jumatatu Mturuki anakuja kwako. Kosa hilo wanalifanya wachezaji wapya wote. Wanaogopa kuachwa, wanaiacha kazi waliyopewa na kwenda kutafuta ile inayopigiwa makofi.

Nusu ya kwanza haijaisha, Jarvell akafanya hivyo hivyo. Mpira ulipoanza aliuacha mwanya wake, akazunguka pembeni mbio, akamkuta mrushaji hana habari, akamzika. Uwanja ukalipuka! Watu walirusha bia. Mimi mwenyewe niliruka, Mungu anisamehe, nikamkumbatia dereva wa basi. Nilipogeuka nikamwona Del amesimama pale pale, mikono kiunoni, uso kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Haikupita muda. Wapinzani walikuwa wameona. Mchezo uliofuata wakamsubiri atoke tena, akatoka, wakapitisha mpira katikati, mahali pale pale alipotakiwa kuwapo, na mtu wao akakimbia peke yake mpaka mwisho wa uwanja akafunga.

Jarvell alirudi pembeni kichwa chini. Aliyemdaka wa kwanza ni Sione Fonoti, Msamoa anayecheza nyuma yake, mkongwe mwenye mdomo.

"We dogo! Umeacha mlango wazi, wageni wameingia mpaka jikoni! Wamefungua friji!"

"Samahani, bwana."

"Usiniite bwana, mimi si mchungaji wako. Mimi ndiye niliyepigwa kikumbo na mtu wa kilo mia na hamsini uliyemwachia wewe!"

Del akamtoa Fonoti kwa ishara ya mkono, akakaa kwenye benchi karibu na kijana. Hakupiga kelele.

"Kwa nini ulitoka?"

"Kocha, si nimemwangusha?"

"Umemwangusha. Nauliza kwa nini ulitoka."

Maneno yakamtoka Jarvell. "Kocha, nikikaa pale hakuna anayeniona. Nyumbani wananipigia kila wiki, wananiuliza mbona jina lako hatulisikii. Nikiachwa Jumatatu nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa nimesimama?"

Del alimtazama muda. Nilikuwa nyuma yao na chupa za maji, na nilitamani amdanganye, amwambie endelea mwanangu, jiokoe.

"Mimi nakuona," akasema Del. "Siwezi kukuahidi kama kuna mwingine. Ukikaa mahali pako, nitakusemea. Ukitoka, hata mimi sina la kusema. Chagua."

Nusu ya pili Jarvell alikaa. Jina lake halikutajwa tena. Walimjia wawili wawili, akapiga goti moja chini, akawashika, akagoma kama nyumbu. Kila mara Fonoti alitoka nyuma yake, safi, bila kuguswa, akamkamata mwenye mpira. Fonoti, Fonoti, Fonoti, mpaka sauti ya mtangazaji ikakauka. Watu waliondoka wakisema Fonoti amerudi ujana.

Jumapili alasiri tukaingia kwenye kikao, chumba cha juu. Mimi hukaa kona karibu na mlango, kama jeneza linalosubiri mwenyewe. Meneja wetu mkuu ni Curtis Vandermeer, mtu mkavu, anayesikiliza kuliko anavyosema. Simpendi sana, lakini mjinga si mjinga. Walipofika kwa Jarvell alifungua video ya lile tukio la kumwangusha mrushaji.

"Hii ndiyo iliyonifanya nibadili mawazo," akasema. "Nilikuwa nimwache. Lakini kijana mzito hivi akiwa na kasi hii, namweka. Del, nadhani umefurahi."

Jamani! Kazi ilikuwa imekwisha. Del alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo na kuitikia kwa kichwa. Nilimtazama kwa macho ya kumsihi. Akakohoa.

"Hiyo," akasema, "ndiyo mbaya kuliko zote alizocheza tangu aje."

Vandermeer akavua miwani. "Unasemaje?"

"Aliacha mwanya. Aliyefunga baadaye alipita hapo hapo. Ukimweka kwa ajili ya hiyo, ataifanya kila wiki, kwa sababu ataambiwa ndiyo iliyompa kazi. Ifikapo Oktoba atakuwa ameharibika, na utamwacha kwa haki."

"Del, unanichanganya. Unataka nimwache?"

"Nataka umweke. Kwa yale ya nusu ya pili."

"Nusu ya pili hakufanya kitu."

"Ndiyo hivyo inavyoonekana," akasema Del. "Tazama tena. Usimtazame yeye wala mpira. Mtazame Fonoti, uone ni nani anamgusa."

Vandermeer hakuitazama pale. Alisema tu, "Mwaka jana pia ulinitaka nikuamini," akafunga kompyuta, akasema atafikiri, akatuaga. Tukiwa kwenye ngazi nilimshika Del mkono.

"Wewe una kichaa? Alikuwa ameshampa nafasi!"

"Alikuwa amempa kwa ajili ya kitu kingine, Elias."

"Na Bernie je? Na kazi yako?"

Alishuka ngazi polepole, goti lile baya likilia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka.

Jumatatu asubuhi Vandermeer akanipigia simu, kama kawaida yake, ananitajia majina moja moja. Huyu, na huyu, na yule mpiga mpira mateke mwenye masharubu. Kisha majina yakaisha.

"Ni hao tu?" nikauliza.

"Ni hao tu."

"Oglesby?"

"Nimetazama ile nusu ya pili mara kadhaa. Fonoti wangu ana miaka mingi, hajawahi kuwa huru vile. Kijana anabaki. Na mwambie Del atoke kwenye lile gari lake, ananitia aibu."

Kwa maana Del, siku ya kupunguza watu, haingii ndani. Anakaa kwenye gari lake la mizigo, uwanja wa magari pale nje, injini inanguruma, anangoja yaishe. Nilikaa kwenye kiti changu nikashusha pumzi mpaka karatasi zikapeperuka mezani. Lakini kazi ni kazi, kwanza nilikuwa na watu wa kuwagusa mabega, na hao sitawasimulia, wana haki ya huzuni yao.

Nilipoingia chumba cha kubadilishia nguo maongezi yalikatika, kama siku zote. Mmoja akaanza kufunga viatu ambavyo havina kamba. Kwenye kiti cha Jarvell kulikuwa na kitabu chake cha mipango tu; yeye hayupo, wala begi lake. Nilipomaliza kazi yangu mbaya nikaanza kumtafuta, na wala sikumtafuta sana, maana mtu wa ukubwa ule hafichiki. Kwenye chumba cha mabafu ya barafu, wachezaji wanamotuliza misuli, kulikuwa na pazia, na chini ya pazia kulikuwa na viatu viwili kama mitumbwi.

"Jarvell."

Viatu vikasogea nyuma kidogo.

"Jarvell, ninaviona viatu."

Pazia likafunguka. Alikuwa amekumbatia begi kifuani, macho mekundu, lakini amesimama wima. "Ndiyo, bwana. Nisamehe kwa kujificha. Nimeshakunja shuka za hotelini. Kitabu nimekiweka juu ya kiti. Naomba tu umwambie Kocha kwamba nilikaa. Nusu yote ya pili nilikaa pale aliponiambia."

Kwa miaka yote ya kazi hii sijawahi kuwa na neno zuri la kumwambia mtu, na nilipolipata nikashindwa kulisema vizuri. "Mpumbavu wewe," nikamwambia, "umebaki! Hukuitwa! Nenda kamwambie mwenyewe, yuko nje kwenye gari!"

Alinitazama kama sikusema kwa lugha yake. Halafu akaketi sakafuni, taratibu, begi mapajani, akasema "asante, bwana, asante, bwana," mpaka nikamwambia anyamaze maana na mimi nitalia. Akainuka akatoka mbio. Nikamfuata.

Del alimwona anakuja, akashusha kioo. Lakini alichoona ni kijana mwenye macho mekundu na begi mkononi, siku ile, kwenye uwanja ule wa magari. Uso wake ukaporomoka. Kabla Jarvell hajafungua mdomo, Del akaanza.

"Mwanangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuponza. Alikuwa amekuweka jana, mimi nikafungua mdomo. Ningenyamaza ungekuwa ndani sasa hivi. Lakini ulichofanya nusu ya pili kilikuwa kizuri, unasikia? Usikubali mtu akwambie hakikuwa kizuri. Kama hakuna aliyekiona, ni macho yao, au ni macho yangu, lakini wewe ulifanya..."

"Kocha," akasema Jarvell. "Nimebaki."

Del akaishia hapo hapo, mdomo wazi. Akanitazama mimi, mimi Mturuki, anitazamaye siku ile kwa kawaida hatarajii mema. Nikaitikia kwa kichwa.

"Bosi ameitazama nusu ya pili," nikasema. "Kamtazama Fonoti. Amekiona ulichokiona."

"Amekiona?"

"Amekiona, Del."

Alizima injini. Ukimya uliokuja ulikuwa mtamu, nikasikia hata ndege. Aliweka paji la uso juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika, na mimi kwa kuwa namjua nilidhani anacheka. Jarvell alisimama dirishani na begi lake, hajui mikono aiweke wapi, mwishowe akauweka mmoja begani kwa mzee.

Baada ya muda Del akaitafuta simu mfukoni, akaibonyeza kwa kidole kimoja.

"Bernie," akasema. "Yule kijana amebaki." Akasikiliza. "Ndiyo. Kwa yale yale niliyowaambia." Akasikiliza tena, akajipangusa uso mzima kwa kofia. "Hapana, mke wangu. Nani analia? Silii."